Mishubiri Miwili: wa Bustanini na wa Porini

Hapa Dutwa mshubiri hutajwa kila mara: kwa moto, kwa tumbo, hata kwa kuku wenye kideri. Lakini mshubiri si mmoja. Mwezi huu tujifunze kutofautisha miwili.

UNDUGU WAKE
Yote miwili ni ya jenasi Aloe. Zamani wataalamu waliiweka katika familia ya mayungiyungi; siku hizi imo katika familia ya Asphodelaceae. Wa bustanini ni Aloe vera, wenye asili ya Bara Arabu. Maua yake ni ya njano, nao hutoa machipukizi mengi pembeni. Wa porini ni Aloe secundiflora, wa nyika za Afrika Mashariki. Maua yake ni mekundu na huelekea upande mmoja wa kitawi. Ndiyo maana ya jina lake la Kilatini.

HALI YAKE
Aloe vera hulimwa duniani kote. Wa porini nao bado ni mwingi. Hata hivyo Mkataba wa CITES, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979, unadhibiti biashara ya nje ya mishubiri yote isipokuwa Aloe vera. Kwa nini hata ulio mwingi? Kwa sababu utomvu ukishakauka, huwezi kujua kwa macho kama umetoka kwa mshubiri wa kawaida au kwa ule adimu, na nchi yetu inayo mishubiri adimu.

AFYA YETU
Ndani ya jani kuna ute mweupe. Chini ya ganda kuna utomvu wa njano, mchungu, unaoharisha vikali. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasiunywe kamwe. Mwaka 2002 Marekani ilizuia kuuza bila cheti cha daktari dawa za choo zenye shubiri, maana watengenezaji hawakuthibitisha usalama wake.

TUFANYE NINI?
1. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi dakika 20. Kidonda kikiwa kikubwa, tusipake kitu, tumpeleke hospitali.
2. Kuku tuwakinge kwa chanjo.
3. Anayetaka mshubiri aombe chipukizi la Aloe vera kwa jirani, apande nyumbani.
4. Wa porini tusiung'oe. Mara nyingi husimama peke yake na kuzaa kwa mbegu; uking'olewa kabla ya kuchanua, hauachi mtoto.