Shule au nyumbani: kumchagulia mtoto mwenye usonji mahali pa kusomea

Mzazi anayetafuta mahali pa kumsomesha mtoto mwenye usonji hukutana na ushauri wa aina mbili. Wapo wanaomwambia kwamba mtoto huyo hawezi kukaa darasani, heri afundishwe nyumbani. Wapo wanaosema kwamba asipochangamana na wenzake hatajifunza kamwe. Katika somo hili hatutetei upande wowote, kwa kuwa tunaloliogopa zaidi ni jambo la tatu: mtoto ambaye jina lake limo katika rejesta ya shule lakini hushinda ameketi nyuma ya darasa bila kufundishwa, au mtoto aliyebakizwa nyumbani kwa jina la elimu huku siku ikiishia mbele ya televisheni. Hali ya watoto hawa wawili ni moja, na mara nyingi wazazi wao wameshalipa fedha.

Tuanze na sheria. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyefikia umri wa elimu ya msingi na kuhakikisha kwamba anahudhuria. Usonji hauondoi wajibu huo. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule za kawaida, za umma na za binafsi, na kupatiwa msaada anaouhitaji. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayesema kwamba shule yake haipokei watoto wa namna hiyo hajatoa neno la mwisho. Mzazi aende kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yake, aulize kuhusu upimaji wa mtoto na shule zenye kitengo au mwalimu wa elimu maalumu. Anayekusudia kufundisha nyumbani naye aanzie hapo kabla ya kununua kitabu hata kimoja, kwa sababu watahiniwa wa mitihani ya taifa ya elimu ya msingi huandikishwa kupitia shule zao.

Shule isitazamwe siku ya kikao cha wazazi, wakati kila kitu kimepangwa. Itazamwe saa nne asubuhi, wanafunzi wanapotoka kwa mapumziko. Kwa watoto wengi wenye usonji ugumu hauko katika somo lenyewe. Uko katika kengele, ngoma ya gwaride, foleni ya uji, shati la sare linalowasha shingoni, au ratiba iliyobadilishwa bila taarifa. Mmoja huziba masikio, mwingine hukimbia. Basi mzazi aulize: geti hufungwa? Mtoto akitoka mbio, nani humfuata? Je, pana mahali patulivu anapoweza kukaa kwa dakika kumi kisha akarudi darasani? Mwalimu mwenye majibu ya maswali haya ana thamani kuliko jengo lililopakwa rangi mpya.

Swali la viboko lisionewe haya. Kanuni zinaruhusu adhabu hiyo itolewe na mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa naye idhini ya maandishi. Viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Lakini mtoto mwenye usonji asiyeitika anapoitwa, au anayerudia maneno ya mwalimu kama mwangwi, huonekana mkaidi ilhali hajafanya kosa lolote. Tunashauri mzazi aombe ahadi ya maandishi kwamba mtoto wake hatachapwa. Shule ikisita kuiandika, sisi tungeendelea kutafuta.

Elimu ya nyumbani hudhaniwa kuwa nafuu kwa sababu haina ada. Gharama yake imejificha: mara nyingi mama ndiye anayefunga genge au kuacha kazi, na kipato hicho hakuna anayekihesabu. Kihesabiwe. Kisha iulizwe nani atafundisha, saa ngapi, na nani atashika nafasi yake akiugua. Penye majibu, nyumba hufundisha mengi ambayo darasa lenye wanafunzi themanini haliwezi: kuvaa, kuoga, kuonyesha picha ya kikombe anapotaka maji, kuhesabu chenji dukani, na yote kwa mwendo wa mtoto mwenyewe. Watoto wenzake ndio watakaokosekana, na hao inabidi watafutwe kwa makusudi.

Kuhusu vituo vya binafsi na walimu wa kuja nyumbani, tuna onyo moja kubwa. Usonji ni hali ya maisha yote. Mafunzo mazuri humsaidia mtoto kuwasiliana na kujitegemea, lakini hayauondoi. Anayeuza kozi, dawa au lishe kwa ahadi kwamba mtoto "atapona" anapotosha, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha walaji. Tangazo lake lihifadhiwe pamoja na risiti, kwani malalamiko bila ushahidi husafiri polepole. Ada ya mwaka mzima isilipwe mkupuo mmoja kabla mtoto hajakaa hapo walau wiki chache. Makubaliano yaandikwe: jina la mwalimu na mafunzo aliyonayo, idadi ya saa, na kiasi kitakachorudishwa mtoto akiondolewa mapema.

Si lazima uamuzi uwe wa moja kwa moja. Mwalimu mkuu anaweza kuombwa mtoto aanze kwa saa mbili kwa siku, kisha ziongezwe kadiri anavyozoea. Popote atakaposoma, pawe na daftari. Ukurasa wa kwanza uandikwe anachoweza leo bila kusaidiwa: kufunga vifungo, kutaja au kuonyesha anachotaka, kukaa mezani kwa dakika tano. Baada ya miezi mitatu ukurasa huo usomwe tena, mzazi na mwalimu wakiwa pamoja. Kama hakuna kilichoongezeka, kinachobadilishwa kwanza ni mpango wa kufundisha. Kuhamisha mtoto kufuate baadaye, kwa maana kila uhamisho humrudisha mtoto wa aina hii mwanzo wa kuzoea.