Mikono Inapotetemeka: Fika Hospitalini Mapema

Mzee akishika kikombe cha chai mkahawani pale Kona ya Musa, mkono ukatetemeka na chai ikamwagika, wapo watakaosema amelewa na wapo watakaosema ana pepo. Mwisho wake mzee hujifungia nyumbani kwa haya. Kutetemeka ni dalili ya ugonjwa, na ina matibabu.

Aina mbili zinazojulikana zaidi ni hizi:

• Mkono hutetemeka unapofanya kazi, kama kunywa au kutia sahihi. Mara nyingi hurithiwa katika familia.

• Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, kwa kawaida ukianzia upande mmoja, na mwendo huwa wa polepole. Hii yaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa Parkinson.

Matatizo ya tezi ya shingo, kuacha pombe ghafla na baadhi ya dawa za pumu pia huleta hali hii. Ndiyo maana uchunguzi huja kwanza.

Matibabu huanza kwa vidonge. Propranolol husaidia wengi wa aina ya kwanza, lakini haimfai mwenye pumu. Levodopa ni ya ugonjwa wa Parkinson.

Vidonge vikishindwa, baadhi ya wagonjwa hufanyiwa upasuaji. Mwaka 1987 huko Grenoble, Ufaransa, Profesa Alim-Louis Benabid aligundua kwamba umeme mdogo wa mapigo ya kasi ndani ya ubongo hutuliza mtetemeko. Daktari huingiza waya mwembamba ubongoni, kisha huuunganisha na kifaa cha betri kilichowekwa chini ya ngozi ya kifua. Nguvu ya umeme huongezwa au kupunguzwa bila kumpasua mgonjwa tena.

Upasuaji huu hutuliza dalili; hauondoi ugonjwa. Unaweza kuleta maambukizi, kuvuja damu ubongoni au usemi mzito. Mgonjwa pia huhitaji kurudi kliniki mara kwa mara.

Wakazi wanashauriwa:

1. Kufika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, mgonjwa atapewa rufaa hadi Hospitali ya Msambweni au kwingineko.

2. Kubeba dawa zote anazotumia mgonjwa, hata za miti shamba.

3. Kutoacha dawa ghafla bila ushauri wa daktari.

4. Kukimbilia hospitali mara moja iwapo mdomo umepinda au upande mmoja wa mwili umelegea ghafla. Hizo ni dalili za kiharusi.