Mkataba na Mbu: Mgogoro wa Ardhi ya Waduala

Tarehe 12 Julai 1884, wafalme Bell na Akwa wa Waduala, katika pwani ya Kameruni, walitia saini mkataba na wawakilishi wa makampuni ya biashara ya Kijerumani. Walikabidhi utawala. Ardhi waliyoilima na mahali ilipojengwa miji yao, hata hivyo, vilibaki kuwa mali yao na ya warithi wao.

Sharti hilo ndilo lililowakwaza wakoloni baadaye. Mwaka 1910 serikali ilipanga kuwahamisha Waduala kutoka uwanda wa Joss, ukingoni mwa mto, na kuacha ukanda mtupu wa kilomita moja kati yao na Wazungu. Hoja ilikuwa ya kitabibu: mbu wachukuao malaria kutoka kwa Mwafrika wasimfikie Mzungu. Lakini karantini humtenga mgonjwa kwa muda, kisha humrudisha kwake. Utengano huu haukuwa na siku ya kurudi. Isitoshe, ardhi iliyotakiwa ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kibiashara!

Rudolf Duala Manga Bell, mjukuu wa mfalme aliyetia saini, alikuwa amesomea Ujerumani. Alipinga kwa kalamu, akipeleka malalamiko kwa Bunge la Berlin kwa kutegemea mkataba uleule. Mwaka 1913 alivuliwa cheo. Katibu wake, Ngoso Din, alisafiri kwa siri hadi Ujerumani kutafuta utetezi, akakamatwa huko. Wote wawili walinyongwa tarehe 8 Agosti 1914 kwa shtaka la uhaini.

Makao mapya ya waliohamishwa yaliitwa Neu-Bell. Leo ni mtaa wa New Bell, jijini Douala.