Somo la Robo Hii: Chujio la Sauti ya Kinanda



Maombi ya vyombo vya muziki hayaishi. Usharika huu unataka miksa mpya kwa kuwa kinanda kinakwaruza masikio, ule unataka honi nyingine kwa kuwa ya kwanza imeungua. Kabla ya kuandika ombi, vijana wa kwaya wajaribu kwanza kazi hii. Vifaa hupatikana kwa fundi redio, na vingine vimo ndani ya redio mbovu.

Mahitaji ni rezista moja ya kilo-omu 1 (mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu), volyumu ya kilo-omu 10, kapasita ndogo iliyoandikwa 473, jeki mbili na kopo la bati.

Ncha ya jeki ya kuingilia iungwe kwenye rezista, na rezista kwenye mguu wa pembeni wa volyumu. Mguu wa katikati uende kwenye ncha ya jeki ya kutokea. Kapasita ichomelewe kutoka mguu huo wa katikati hadi waya wa ardhi, unaounganisha jeki zote mbili pamoja na kopo. Bati likiungwa hivyo hupunguza mngurumo.

Wakulima wa vitunguu wa Lumuma wataelewa upesi, maana wanajua lango la mfereji. Kapasita ni lango linalofunguka kwa mawimbi ya haraka, yaani sauti nyembamba, na kuyamwaga ardhini. Sauti nzito hazipiti hapo, basi huendelea hadi kwenye amplifaya. Ukizungusha volyumu, mpaka wa kukata huhama kutoka takriban hertz 3,400 hadi 300. Piga mdundo wa ngoma wa kinanda huku ukizungusha: matoazi yatafifia, besi itabaki.

Hiki ni kipande cha mwanzo cha chujio la sinthesaiza. Robert Moog wa Marekani, aliyepata hataza ya chujio lake mwaka 1969, alitumia hatua nne za namna hii zikiwa na transista, ndiyo maana lake hukata kwa ukali zaidi. La kwetu halitumii umeme wowote wa kuliendesha, kwa hiyo haliwezi kutoa ule mlio wa kupiga mluzi. Kwa kwaya linatosha.

Sasa la honi, ambalo kwangu ndilo lenye faida kubwa zaidi. Honi haikutengenezwa kwa besi. Ngoma ya kinanda hutikisa kiwambo chake kupita kiasi hadi kinaharibika. Badilisheni nafasi: kapasita ikae njiani, rezista na volyumu zielekee ardhini. Volyumu ikiwa mwisho wake, sauti zilizo chini ya hertz 300 hivi zitapungua kabla ya kufika kwenye amplifaya.

Angalizo: kopo hili hukaa kati ya kinanda na amplifaya tu, kamwe si kwenye waya wa spika. Wala vijana wasifungue amplifaya. Kapasita zake kubwa hubaki na umeme hata ikiwa imezimwa.

Sharika zitakazoleta maombi ya vyombo ziandike pia ni vijana wangapi wanaojua kuchomelea, na kama kuna chuma cha kuchomelea usharikani.