MADA YA 6: INJINI YA DIZELI INAYOKATAA KUWAKA – PIMA KABLA YA KUGUSA TAIMINGI

Malengo ya mada
Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:
(a) kueleza mambo matatu yanayohitajika ili dizeli iwake ndani ya silinda;
(b) kutumia rangi ya moshi na hali ya injini kutambua chanzo cha tatizo;
(c) kufuata hatua za uchunguzi kwa mpangilio sahihi;
(d) kukokotoa athari ya mkanda wa taimingi ulioruka jino.

6.1 Utangulizi

Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi huwa na baridi kali. Gari la zamani la dizeli lililolala nje huzungushwa stata mara tano, mara kumi, hadi betri inachoka. Huku viazi vimeshapakiwa na mnunuzi anasubiri Makambako, kwenye njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya na ile ya Songea.

Hapo ndipo husikika kauli ya haraka: "Taimingi imeruka, tufungue." Mara nyingi kauli hiyo si kweli. Mwenye gari hulipa fedha kufunguliwa kitu kizima, na kesho yake gari hukataa tena. Katika mtihani hali ni ileile: mtahiniwa anayejibu "rekebisha taimingi" kwa kila swali la injini isiyowaka hupoteza alama. Kanuni ya kushika katika mada hii ni moja: taimingi huguswa mwisho, baada ya vipimo rahisi kumaliza kazi yake.

6.2 Nini huwasha dizeli?

Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi kwa mafanikio mwaka 1897 huko Augsburg, Ujerumani, alitumia joto la hewa iliyobanwa. Pistoni hubana hewa hadi ibaki sehemu ndogo sana ya ujazo wake wa mwanzo, hewa hupata joto kali, kisha nozeli hupuliza dizeli ndani ya hewa hiyo na dizeli huwaka yenyewe.

Kwa hiyo vinahitajika vitu vitatu:
1. JOTO – linalotokana na mbano mzuri, stata yenye kasi, na plagi za joto wakati wa baridi. Mafundi wengi huziita plagi hizi hita.
2. MAFUTA – dizeli safi, isiyo na hewa wala maji, inayofika kwenye nozeli kwa shinikizo la kutosha.
3. WAKATI – dizeli ipulizwe pistoni inapokaribia kilele cha mbano, si mapema mno wala kwa kuchelewa. Hii ndiyo taimingi.

Kikikosekana kimoja, injini haiwaki au huwaka kwa shida. Kazi ya uchunguzi ni kujua ni kipi kati ya vitatu hivi kimekosekana.

Mfano 1
Asubuhi mjini Njombe hewa ina joto la 5 °C na shinikizo la 80 kPa. Injini hubana hewa hiyo hadi 1/20 ya ujazo wake. Tafuta joto la hewa mwishoni mwa mbano ikiwa shinikizo limefika (i) 3,200 kPa, stata ikiwa na kasi nzuri. (Ii) 2,560 kPa, stata ikizunguka polepole kwa sababu betri imechoka.

Njia
Tumia kanuni ya gesi: P₁V₁/T₁ = P₂V₂/T₂
T₁ = 5 + 273 = 278 K
(i) T₂ = 278 × (3,200 ÷ 80) × (1 ÷ 20) = 278 × 2 = 556 K = 283 °C
(ii) T₂ = 278 × (2,560 ÷ 80) × (1 ÷ 20) = 278 × 1.6 = 445 K = 172 °C

Maana ya jibu: dizeli huanza kuwaka yenyewe kwenye takribani 210 °C, na ili iwake upesi joto linapaswa kuzidi hapo. Katika (i) dizeli inaweza kuwaka. Katika (ii) haiwezi, ingawa pampu, nozeli na taimingi vyote ni vizima. Stata ikizunguka polepole, hewa hupata muda wa kupoteza joto kwenye kuta baridi za silinda. Ndiyo maana betri hupimwa kwanza, na ndiyo kazi ya plagi za joto: kuongeza joto lililopungua.

6.3 Soma moshi kwanza

Mwambie msaidizi azungushe stata, wewe tazama bomba la moshi.

• Hakuna moshi kabisa: dizeli haifiki kwenye silinda. Usifikirie taimingi. Tafuta tatizo kwenye njia ya mafuta.
• Moshi mweupe unaotoweka injini ikipata joto: dizeli inafika lakini haiungui yote kwa kukosa joto. Shuku plagi za joto, betri au stata.
• Moshi mweupe usiotoweka hata injini ikiwa moto: shuku taimingi iliyochelewa, mbano mdogo, au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda.
• Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Kagua chujio la hewa na nozeli.
• Moshi wa bluu: oili ya injini inaungua. Kagua ringi za pistoni na sili za valvu.

6.4 Hatua za uchunguzi kwa mpangilio

Mpangilio huu huanza na kipimo rahisi na kuishia na kile kinachohitaji kufungua injini.

Hatua ya 1: Uliza. Tatizo lilianza lini? Ni asubuhi tu, au hata injini ikiwa moto? Kuna kitu kilichofunguliwa hivi karibuni?

Hatua ya 2: Betri na stata. Katika mfumo wa volti 12, betri iliyojaa husoma takribani V 12.6. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya takribani V 9.6. Ikishuka zaidi, chaji au badilisha betri. Safisha vichwa vya betri na waya wa bodi.

Hatua ya 3: Plagi za joto. Ondoa kiunganishi, pima ukinzani wa kila plagi. Plagi nzima huwa na ukinzani mdogo sana. Mita ikionyesha ukinzani usio na kikomo, waya wa ndani umekatika. Kagua pia fyuzi na rilei, kwani zikifa, plagi zote hukosa umeme hata kama ni nzima.

Hatua ya 4: Njia ya mafuta. Kagua tenki, chujio na mipira. Mwaga maji yaliyotuama chini ya chujio. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio hadi iwe ngumu. Isipokuwa ngumu, kuna mahali hewa inaingia. Injini inayowaka, ikakimbia sekunde chache kisha ikazima, mara nyingi imevuta hewa. Washa ufunguo pia usikilize mlio mdogo wa swichi ya kuzimia iliyo kwenye pampu. Isipolia, pima kama umeme unaifikia. Isipofunguka, dizeli haipiti.

Hatua ya 5: Mbano. Pima kila silinda kwa geji ya mbano ya dizeli. Linganisha silinda kwa silinda, na zote kwa kiwango cha mtengenezaji.

Hatua ya 6: Taimingi. Fika hapa hatua za mwanzo zikiwa safi, au historia ya gari ikielekeza hapa moja kwa moja. Mfano ni gari lililoanza tatizo siku ileile lilipobadilishwa mkanda.

6.5 Taimingi

Katika injini ya mipigo minne, krenki huzunguka mara 2 wakati kamshafti na pampu huzunguka mara 1. Viunganishi vyake ni gia, mnyororo au mkanda. Injini ya Toyota 1HZ, yenye silinda 6 na ukubwa wa lita 4.2, inayoonekana kwenye Land Cruiser nyingi nchini, hutumia mkanda. Mkanda hulegea na kuchakaa, hivyo hubadilishwa kwa kilomita alizopanga mtengenezaji.

Dalili za taimingi iliyowahi: injini hugonga kwa mlio mkali, na wakati wa kuwasha stata inaweza kusukumwa nyuma.
Dalili za taimingi iliyochelewa: moshi mweupe usiokwisha, nguvu hupungua mlimani, injini hupata joto kupita kiasi.

Kukagua: leta pistoni ya silinda ya kwanza kwenye kilele cha mbano. Tazama alama za puli ya krenki, ya kamshafti na ya pampu. Zote zielekee alama zake kwa wakati mmoja. Zikiwa sawa, mkanda haujaruka. Urekebishaji mdogo hufanywa kwa kulegeza pampu na kuizungusha kidogo: ukiizungusha kinyume na mzunguko wa shafti yake, dizeli huwahi, ukiizungusha kuufuata, huchelewa. Kipimo kamili huchukuliwa kwa geji ya saa inayofungwa nyuma ya pampu, kwa kufuata kitabu cha gari husika. Weka alama kwenye pampu kabla ya kulegeza chochote.

Mfano 2
Puli ya pampu ina meno 48. Mkanda umeruka jino 1. Taimingi imekosea kwa digrii ngapi za krenki?

Njia
Jino 1 kwenye pampu = 360° ÷ 48 = 7.5°
Krenki huzunguka mara 2 ya pampu, hivyo 7.5° × 2 = 15° za krenki.

Jino moja tu linatosha kuharibu kazi. Hilo lingeonekana asubuhi, mchana na jioni.

6.6 Uchambuzi wa visa vitatu

Kisa A. Land Cruiser yenye 1HZ hubeba viazi kutoka Uwemba. Mwezi Julai asubuhi huwaka kwa shida, hutoa moshi mweupe kwa dakika mbili, kisha hukimbia vizuri. Saa saba mchana, Makambako, huwaka mara moja. Betri na stata ni nzima.
Uchambuzi: mkanda ulioruka jino asubuhi haujirekebishi mchana. Injini ina nguvu na moshi hutoweka, hivyo mafuta na wakati viko sawa. Kinachokosekana ni joto. Pima plagi sita za joto. Ikiwa nne zimekatika, umepata chanzo bila kufungua pampu.

Kisa B. Gari huwaka vizuri asubuhi. Likisimama Makambako likiwa na joto, hukataa hadi lipoe. Stata inazunguka kwa kasi ya kawaida.
Uchambuzi: shuku pampu iliyochakaa. Dizeli yenye joto huwa nyepesi na huvuja ndani ya pampu, shinikizo likashindwa kufungua nozeli. Poza pampu kwa kitambaa chenye maji. Gari likiwaka, ushahidi umeongezeka. Pampu nyingi za aina hii hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huiharibu mapema. Hii ni sababu moja ya kuheshimu vinasaba ambavyo EWURA ilianza kuviweka kwenye mafuta mwaka 2010.

Kisa C. Gari limebadilishwa mkanda jana. Tangu hapo huwaka kwa shida wakati wowote, moshi mweupe haukomi, na mlimani halina nguvu.
Uchambuzi: historia na dalili zote zinaelekeza kwenye taimingi iliyochelewa. Kagua alama za puli kwanza.

6.7 Tahadhari

• Usipulize etha kwenye injini yenye plagi za joto. Inaweza kulipuka na kuvunja pistoni.
• Usiwashe moto chini ya tenki au injini ili kuipasha.
• Usivute gari kwa nguvu ili liwake ikiwa unashuku mkanda. Ukiruka zaidi, valvu zinaweza kugonga pistoni.
• Usiweke mkono mbele ya nozeli inayopuliza. Dizeli hiyo hupenya ngozi. Aliyepatwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama jeraha linaonekana dogo.

6.8 Makosa ya kawaida ya watahiniwa

1. Kuandika kwamba plagi ya joto hutoa cheche. Haitoi, hupasha joto tu.
2. Kusahau kuzidisha kwa 2 unapobadili digrii za pampu kuwa digrii za krenki.
3. Kutumia °C badala ya K kwenye kanuni ya gesi.
4. Kutaja tiba bila kipimo. Usiandike "badilisha pampu". Andika kipimo, matokeo, kisha tiba.

6.9 Maswali ya kujipima

1. Taja mambo matatu yanayohitajika ili dizeli iwake. (Alama 3)
2. Stata inazunguka kwa kasi lakini hakuna moshi. Eleza vipimo viwili utakavyofanya. (Alama 4)
3. Hewa ya 17 °C na 80 kPa imebanwa hadi 1/18 ya ujazo wake, shinikizo likafika 2,880 kPa. Tafuta joto lake. (Alama 5)
4. Puli ya pampu yenye meno 40 imeruka jino 1. Kokotoa kosa katika digrii za krenki. (Alama 3)
5. "Tatizo la asubuhi tu si tatizo la taimingi." Tetea kauli hii kwa hoja mbili. (Alama 5)

Majibu kwa ufupi
1. Joto, mafuta, wakati.
2. Bonyeza pampu ya mkono kuona kama kuna hewa. Sikiliza na pima swichi ya kuzimia ya pampu. Kukagua chujio pia hukubaliwa.
3. T₂ = 290 × 36 ÷ 18 = 580 K = 307 °C.
4. 360 ÷ 40 = 9°; 9° × 2 = 18°.
5. Alama za puli hazibadiliki kwa jua wala baridi, hivyo kosa kubwa la taimingi huonekana muda wote; na moshi unaotoweka injini ikipata moto unaonyesha kuwa kilichopungua ni joto.