Hifadhi ya Pamoja kwa Chumba cha Kompyuta Pepe: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Anayekwenda kununua diski huuliza kwanza, "Ina ukubwa gani?" Swali hilo linamtosha mtu anayehifadhi picha za harusi. Halimtoshi mwenye chuo kidogo cha mafunzo, au kikundi cha vijana wanaotengeneza programu, wanaotaka kuendesha kompyuta pepe nyingi kutoka kwenye hifadhi moja. Katika somo hili tunamlenga mnunuzi wa Kibiti, Bungu, Nyamisati na vijiji vya delta ya Rufiji, ambaye mara nyingi hulazimika kufuata vifaa hivi Dar es Salaam, na ambaye kosa la ununuzi humwongezea nauli juu ya hasara.

Kompyuta pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Seva moja yenye nguvu huweza kubeba makumi ya kompyuta za namna hiyo, na kila moja huwa na diski yake ambayo kwa hakika ni faili moja kubwa. Katika chumba cha majaribio wanafunzi huziharibu kwa makusudi, huzifuta na kuziunda upya. Seva zikiwa mbili au zaidi, faili hizo huwekwa mahali pamoja, yaani katika kisanduku chenye diski kadhaa kilichounganishwa na seva kwa mtandao wa ndani. Hicho ndicho tunachokiita hifadhi ya pamoja.

Tuchukue mfano wa chumba chenye kompyuta pepe 60, kila moja ikiwa na gigabaiti 40. Jumla yake ni gigabaiti 2,400. Muuzaji atasema, "Chukua diski moja ya terabaiti 4, na nafasi itabaki." Hesabu yake ni sahihi, lakini ushauri wake ni mbaya.

Saa 2 asubuhi wanafunzi huwasha kompyuta zote kwa pamoja. Diski ya kuzunguka ina kichwa cha kusomea kinachohama huku na huko kutafuta taarifa zilizotawanyika, na kwa kazi ya aina hiyo huweza kujibu takriban maombi 100 kwa sekunde. Yagawe kwa 60: kila kompyuta pepe hupata chini ya maombi mawili kwa sekunde. Kipindi kitakwisha baadhi ya skrini zikiwa bado hazijafunguka.

Wenye umri wa kutosha wanakikumbuka kivuko cha Ndundu kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Abiria wa Lindi hakucheleweshwa na ufinyu wa nafasi ng'ambo ya mto. Alicheleweshwa na idadi ya magari ambayo pantoni liliweza kuvusha kwa safari moja. Hifadhi ya pamoja ina vivuko viwili vya namna hiyo: diski zenyewe, na waya unaozifikisha taarifa kwenye seva.

Kwa upande wa diski, zipo zisizo na sehemu inayozunguka, zinazojulikana madukani kama SSD. Hizi hujibu maelfu mengi ya maombi kwa sekunde. Bei yake kwa kila gigabaiti ni kubwa zaidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa kabla ya wakati. Ukweli ni kwamba chumba cha majaribio hakihitaji nakala 60 kamili. Programu nyingi za kompyuta pepe huruhusu nakala mama moja itumiwe na wote, na kila kompyuta ihifadhi mabadiliko yake tu. Tukikadiria gigabaiti 5 za mabadiliko kwa kila moja, tunapata 300, na pamoja na nakala mama ya 40 tunafikia 340. Diski mbili za SSD za terabaiti 1, moja ikiwa kioo cha mwenzake, zinatosha na kubakiza. Angalizo ni moja: mabadiliko hukua, na hifadhi ikijaa kompyuta zote huweza kusimama kwa mkupuo. Agiza programu ikuonye nafasi inapofikia asilimia 80.

Kwa upande wa waya, mtandao wa ndani wa gigabiti 1 hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, ilhali SSD moja ya kawaida huweza kutoa hadi 500. Kununua diski za kasi na kuziunganisha kwa swichi ya zamani ni kulipia mwendo usioupata. Ama ununue swichi na kadi za gigabiti 10, ama upunguze matarajio. Nasi tunasema waziwazi jambo ambalo baadhi ya wauzaji hawapendi kulisema: mwenye seva moja tu hahitaji hifadhi ya pamoja hata kidogo. Aweke SSD ndani ya seva yake na aokoe fedha.

Diski mbili zinazoakisiana hukulinda moja inapokufa. Hazikulindi mwanafunzi anapofuta faili, kwa kuwa hufutika kwenye zote mbili papo hapo. Kompyuta za majaribio zinaweza kuundwa upya. Nakala mama na maandalizi ya masomo ndivyo vinavyohitaji nakala ya akiba, nayo ikae katika jengo jingine, mahali palipoinuka. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti hatudhani hoja hii inahitaji maelezo marefu. Wapo wanaoona kwamba hifadhi ya kukodi kwenye intaneti hutatua yote. Kwa nakala ya akiba ni msaada mzuri. Kwa kuendesha kompyuta pepe za kila siku, wakumbuke tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima.

Umeme nao una hesabu yake. Hifadhi nyingi huitika kwamba zimeandika taarifa wakati taarifa hizo zingali kwenye kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika hapo, faili huharibika. Nunua UPS inayoweza kuiamuru hifadhi ijizime yenyewe kwa utaratibu, na uliza kama SSD zina kinga dhidi ya kukatika kwa umeme.

Lipo jambo lisilohusu bei. Watafiti walianza mwaka 1998 kuorodhesha kaya za Rufiji, Kibiti ikiwa bado ndani ya wilaya hiyo, na kufuatilia vizazi, vifo na uhamaji wao. Wakazi wa huku wanajua uzito wa kumpa mgeni majina ya watoto wako. Mtengenezaji wa programu anayenakili orodha halisi ya wakulima wa korosho au wagonjwa wa zahanati ili "kujaribia" huiweka mahali ambapo kila mwanafunzi anafika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda watu hao. Tumieni majina ya kubuni.

Dukani, uliza kama diski ya kuzunguka huandika mistari yake ikilaliana kama makuti ya paa. Kubadili kuti moja hulazimu kuinua yaliyolala juu yake, na diski hizo hulemewa na kazi ya kompyuta pepe. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi yake zilikuwa zikiuzwa kwa ajili ya visanduku vya hifadhi bila wanunuzi kuelezwa. Usimlaumu muuzaji diski ya terabaiti 1 ikionesha 931 kwenye kompyuta: kiwanda huhesabu kwa 1,000, na kompyuta kwa 1,024. Mshuku anayekuuzia diski ndogo ya mkononi ya terabaiti 16 kwa bei ya kutupa. Zipo zilizochezewa zionekane kubwa, nazo hufuta taarifa za zamani kimyakimya pindi nafasi halisi inapokwisha. Ijaze yote na uisome tena kabla ya muda wa kurudisha bidhaa kupita.

Dai risiti ya EFD, na namba ya diski iandikwe kwenye karatasi ya dhamana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Mlalamikaji afike na risiti, tangazo au ujumbe wa muuzaji, na diski yenyewe ikiwa haijafutwa.