Neno USHURU: Asili Yake na Safari Yake

Kila mtu aliyepata kusoma Injili kwa Kiswahili amekutana na maneno haya mawili: Thenashara, yaani wale mitume kumi na wawili, na watoza ushuru. Mathayo alikuwa katika makundi yote mawili. Alitoka katika hilo la pili akaingia katika la kwanza. Lakini ni wachache waliotambua ya kuwa maneno hayo yenyewe ni ndugu, yamezaliwa katika nyumba moja. Tumeona vema mwezi huu tulichunguze neno ushuru: limetoka wapi, limepita wapi, na maana yake imebadilikaje. Walimu wetu hulieleza mara nyingi mbele ya watu. Tena ndani yake limefichwa jambo ambalo wazee wa sharika hulihitaji kila wanapokaa kupanga michango ya mwaka.

Waarabu kumi huiita ashara. Wazee wa pwani zamani, walipohesabu kupita kumi, walisema edashara, thenashara, na kuendelea vivyo hivyo. Ndiyo sababu wafasiri wa Biblia waliandika Thenashara. Hata ishirini ni ya ukoo huo. Basi sehemu moja katika kumi Waarabu huiita ushr, na wingi wake ushur, nalo ndilo neno letu. Hapo mwanzo ushuru haukuwa malipo yo yote ya serikali, bali ulikuwa fungu la kumi. Waebrania, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiarabu, huiita kumi eser, na fungu la kumi maaser. Mzizi ni mmoja. Kwa hiyo kile Abramu alichompa Melkizedeki (Mwanzo 14:20), kwa asili ya neno, ulikuwa ushuru.

Je, fungu hilo lilikuwa la nani? Torati yasema ni la Bwana, nalo Walawi wakapewa liwe urithi wao kwa kuwa hawakupewa mashamba (Hesabu 18:21). Tena kila mwaka wa tatu liliwekwa akiba mijini, wapate kula Mlawi, mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu 14:28-29). Lakini tusome na 1 Samweli mlango wa 8. Waisraeli walipotaka mfalme, Samweli aliwaonya ya kuwa mfalme huyo atatwaa sehemu ya kumi ya nafaka, na ya mizabibu, na ya kondoo, awape watumishi wake. Neno ni lile lile. Basi tangu zamani za Samweli kumi ilikuwa na wadai wawili, Mungu na mfalme, na mkulima akasimama katikati yao na gunia lake.

Waarabu nao walilitumia kwa njia mbili. Katika sheria ya Kiislamu, mazao yaliyonyweshwa na mvua hutolewa sehemu moja katika kumi, na yale ambayo mkulima ameyanywesha kwa taabu na gharama yake hutolewa nusu ya hiyo. Njia ya pili ni ya biashara. Wanazuoni wao wa kale huandika ya kuwa Khalifa Umar, aliyetawala tangu mwaka 634 hata 644, alipata habari kwamba wafanya biashara wake walitozwa kumi katika nchi za kigeni, naye akaamuru wageni watozwe vivyo hivyo. Wageni walitoa moja katika 10, Wakristo na Wayahudi waliokaa chini ya ulinzi wake moja katika 20, na Waislamu moja katika 40. Mtoza wa malipo hayo yote aliitwa ashir, yaani mwenye kutwaa kumi, ijapokuwa kwa wengi hakutwaa kumi. Hapo ndipo neno lilipoanza kuisahau hesabu yake.

Neno lilipofika pwani yetu lilikaa bandarini, mahali pa kushushia shehena, paitwapo forodha. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mapatano na Marekani, na katika mapatano hayo bidhaa za Wamarekani zilipoteremshwa zilitozwa 5 katika kila 100. Hiyo ni nusu ya kumi tu, lakini watu waliendelea kuiita ushuru. Tena Seyyid mwenyewe hakuukusanya. Forodha ilikodishwa kwa tajiri wa Kihindi, na kwa miaka mingi mwenye kuikodi alikuwa Jairam Shivji wa Kutch. Huyo alimlipa Seyyid fedha iliyopatanwa kila mwaka, na yote yaliyozidi yakawa faida yake.

Ndugu walimu, kieni kidogo hapo, maana mkiielewa forodha ya Unguja mmekwisha kumwelewa Zakayo. Warumi nao walizikodisha ushuru za njiani na za mipakani. Mwenye kukodi alikuwa na wadogo wake waliokaa barabarani wakipekua mizigo ya wasafiri, na kila mmoja alijitafutia faida yake juu ya kile kilichoamriwa. Zakayo wa Yeriko alikuwa mkuu wa watoza ushuru, na cheo hicho katika Agano Jipya lote ni chake peke yake (Luka 19:2). Mathayo alikaa Kapernaumu, katika nchi ya Herode, njia inapopita kando ya ziwa, na Biblia yetu husema alikuwa ameketi forodhani. Wafasiri hawakubahatisha tu. Wasomaji wao wa pwani waliijua forodha, na walijua pia ya kuwa mwenye kuikodi halali njaa. Hata Yohana Mbatizaji, watoza ushuru walipomwuliza wafanye nini, hakuwaambia waiache kazi, bali wasitoze kupita walivyoamriwa (Luka 3:13).

Katika Warumi 13:7 Paulo ataja malipo mawili mbalimbali. Moja kwa Kiyunani huitwa foros, ndiyo mali ambayo watu waliotawaliwa huleta kwa mtawala wao. La pili huitwa telos, ndilo lile la forodhani na njiani. Biblia yetu imeyaita kodi na ushuru. Ni tafsiri njema sana, na mwalimu asiyasome kama kwamba ni neno moja lililorudiwa kwa kupendeza masikio.

Sasa pametokea jambo la ajabu kidogo. Neno zaka ni la Kiarabu pia, lakini halina kumi ndani yake; asili yake ni usafi na ongezeko. Kwa Waislamu zaka ya fedha si moja katika 10, ni moja katika 40. Lakini wafasiri wa Biblia walipotafuta neno la kuliita fungu la kumi, ushuru lilikwisha kuwa neno la forodhani na la watu waliochukiwa, wala halikufaa tena kutajwa mbele ya madhabahu. Kwa hiyo walilichukua zaka. Basi neno lenye kumi limepoteza kumi yake, na neno lisilo na kumi limepewa. Hivyo Malaki 3:10 yasomwa kwetu kwa neno la usafi, wala msikiaji hatambui ya kuwa chini yake limo neno la kumi, ndugu yake ushuru.

Siku hizi neno hili halina maana moja katika nchi zote. Katika Kenya ushuru ni jina la malipo ya serikali kwa jumla. Ndiyo maana mwaka 2023 na 2024 watu wengi huko, waliposikia kulemewa, walimwita Rais wao, William Ruto, kwa jina la Zakayo, wakimtaka ashuke mtini. Mwezi wa Juni 2024 jina hilo liliimbwa njiani wakati wa ghasia zilizoua watu, na Mswada wa Fedha wa mwaka huo ukaondolewa. (Walimu wetu na watambue lakini ya kuwa katika Luka 19 aliyemwambia Zakayo ashuke alitaka kushinda nyumbani mwake.) Katika Tanzania neno la jumla ni kodi, na ushuru hutajwa zaidi kwa mambo ya forodha, ya bidhaa na ya mazao. Huo ushuru wa mazao ndio ulio karibu na asili ya neno, maana hutozwa kwa sehemu ya thamani ya kilichovunwa na kuuzwa. Zamani uliweza kufika 5 katika 100. Mwaka 1017 tangu Hijra wala karne yo yote ya kale hatuihitaji hapa, ni juzi tu, mwaka 2017, sheria ilipoupunguza ukawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Tena nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipoanza umoja wa forodha mwaka 2005, zilipatana kwamba vitu vilivyotengenezwa nusu, vitokavyo nje, vitozwe 10 katika 100. Hapo, pasipo kukusudia, neno lilirudi nyumbani kwao.

Lakini hasara kubwa si kupotea kwa hesabu ya kumi. Hasara ni kupotea kwa fungu. Fungu hupanda na kushuka pamoja na mavuno; kima kilichowekwa hakishuki. Jambo hili Martin Luther aliliona wazi. Katika hotuba yake ya mwaka 1525, alipoeleza jinsi Wakristo wapaswavyo kumtazama Musa, alisema sheria ya fungu la kumi haiwafungi Wakristo, kwa kuwa walipewa Wayahudi. Lakini aliisifu kuwa ni amri nzuri, akatamani watawala wa dunia waifuate. Sababu yake ni hii: mwenye ng'ombe kumi hutoa mmoja, mwenye watano hatoi, na shamba likizaa kidogo mtu hutoa kidogo. Bali katika desturi ya nchi yake, aliyepangiwa kulipa fedha kiasi fulani hana budi kuilipa, hata ikiwa mvua ya mawe imeyapiga mazao yote. Luther, mjukuu wa wakulima, alijua alilolisema.

Wazee wa nchi hii nao walilijua, ijapokuwa hawakuisoma hotuba hiyo. Amri ya kodi ya nyumba iliyotolewa na serikali ya Wadachi mwaka 1897 iliweka rupia 3 kwa kila nyumba ya shamba. Nyumba ya aliyevuna na nyumba ya aliyekosa zilihesabiwa sawasawa. Waingereza waliofuata waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa, na hata baada ya uhuru ilikuwapo kodi ya maendeleo, ambayo watu wengi waliiita kodi ya kichwa, mpaka ilipoondolewa mwaka 2003. Wako wengi wanaokumbuka jinsi baba zao walivyojificha porini mkusanyaji alipokuja.

Twauliza sasa: michango ya sharika zetu ni ya namna gani? Ni desturi mahali pengi baraza la wazee kukaa na kuweka kima kimoja kwa kila kaya, cha bati au cha nyumba ya mchungaji, na majina ya wasiolipa husomwa mbele ya watu. Tena tumesikia pengine mtoto hucheleweshwa kubatizwa, au maiti huulizwa kadi yake kabla ya kuzikwa. Wenye kufanya hivyo huiita sadaka au zaka. Lakini tukiyapima maneno kwa asili yake, hiyo si zaka, wala si ushuru kwa maana yake ya kwanza. Ni kodi ya kichwa. Mwenye duka hutoa kima hicho asisikie lo lote, na mjane mwenye debe mbili za mahindi huuza moja.

Mtu atatujibu kwamba hata katika Torati imo kodi ya kichwa. Ni kweli, wala haifai kuificha. Kutoka 30:13-15 yaamuru kila aliyehesabiwa atoe nusu shekeli, tajiri asizidishe wala maskini asipunguze; na Bwana wetu mwenyewe alipoulizwa fedha ya hekalu iliyotokana na amri hiyo, aliilipa (Mathayo 17:24-27). Lakini tuangalie kwamba nusu shekeli ilikuwa fidia ya nafsi, na nafsi zote ni sawa mbele za Mungu, kwa hiyo kima kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kidogo. Chakula cha Walawi na cha yatima hakikupangwa hivyo, kilikuwa fungu. Hata sadaka ya hatia ilikuwa na daraja zake: asiyeweza mwana-kondoo alete hua wawili, na asiyeweza hua alete unga (Walawi 5:7-11). Mariamu, alipokwenda hekaluni baada ya kujifungua, alileta ndege (Luka 2:24), wala hatusomi kwamba kuhani alimrudisha nyumbani akatafute kondoo.

Paulo naye, alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuwaandikia kima. Aliwaambia kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya kufanikiwa kwake (1 Wakorintho 16:2), na baadaye akawaeleza ya kuwa sadaka hukubaliwa kwa kile mtu alicho nacho (2 Wakorintho 8:12). Wazee watakaokutana kabla ya mavuno waweza kuisoma milango hiyo miwili kwanza, ndipo wafungue daftari la majina.